Usiniambie Nisome Nini, Nipe Kitabu Chako

Wacha nikiri kitu kwanza, halafu mkimaliza kusoma mnitusi vile mnataka.

Mwaka jana niliweka video ya sekunde 58: vitabu 10 ambavyo lazima usome kabla ufikishe miaka 25. Ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Watu wakaihifadhi, wakatumiana, wengine wakaniandikia "asante, umenibadilishia maisha" kabla hawajafungua hata kitabu kimoja. Sasa ukweli ni huu. Kati ya hivyo 10, nilikuwa nimemaliza vitatu. Viwili nilikuwa nimeachia katikati. Vile vitano vilivyobaki nilikuwa nimeona majalada tu, kwa video za watu wengine, na naweza kuapa hao pia waliyaona kwa video za wengine.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nilikuwa nimeazima suti nzima.

Wiki chache baadaye msichana wa Form Four akaniandikia. Alikuwa amenunua kitabu nambari saba kwa orodha yangu. Alijinyima chakula cha saa nne kwa wiki mbili, akakusanya, akaenda akakinunua mjini. Hakuwa ananisifu. Alikuwa na swali: "Unadhani ni kwa nini yule mwanamke alirudi pale mwishoni?"

Sikujua ni mwanamke gani. Sikujua ametoka wapi wala amerudi wapi. Nikamtumia emoji ya moto nikaandika, "Hapo ndipo utamu uko! Wewe unaonaje?" Akanijibu na aya tatu. Aya tatu safi, zenye mawazo, za mtu amesoma hadi neno la mwisho na hakuna mtu karibu naye wa kuongea naye. Nilizisoma nikiwa kwa matatu ya Umoja, nikasikia ile aibu inapanda hadi masikio yanawaka moto.

Hiyo ndiyo shida yangu na hii mambo ya "nipendekezee kitabu". Kupendekeza siku hizi hakumgharimu mtu kitu. Unataja jina, unaweka picha ya jalada karibu na kikombe cha kahawa, kazi imeisha. Kama kitabu ni kibaya, hakuna anayekujia. Kama ni kizuri, hakuna anayekungoja umalize. Mimi nasema kama unapenda kitabu kweli, kikutoke mkononi. Mpe mtu. Nakala yako, ile yenye alama ya chai kwa ukurasa wa 40. Ukiona roho inauma kukitoa, hicho ndicho cha kutoa.

Sikuamka siku moja nikayajua haya. Kuna watu watatu walinifundisha, na hawataki majina yao hapa, kwa hivyo tuwaite Nesi, Fundi na Duka. Tulikaa dawati mbili za nyuma pamoja shule ya upili. Nesi yuko mwaka wa nne anasomea uuguzi. Fundi anatengeneza simu kwa kibanda chake pale Luthuli. Duka anauza kwa duka la mathe wake Kayole, pamoja na M-Pesa. Mimi mnanijua: chuo niliacha mwaka wa tatu, nikabaki na simu, taa ya mduara na mdomo.

Wazo la kubadilishana vitabu lilitoka kwa Nesi. Alisema tukutane Jumamosi moja kila mwezi pale Jevanjee, kila mtu na kitabu. Jevanjee kwa sababu kukaa ni bure, ingawa utashindana sauti na wahubiri watatu na wale wazee wa siasa.

Raundi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Fundi alikuja na Rich Dad Poor Dad. Mimi nilikuja na Rich Dad Poor Dad. Nesi alikuja na The 48 Laws of Power. Kama umewahi kutembea kwa wale wauzaji wa inama, wale wanatandika vitabu kwa gunia kando ya barabara hadi uiname ndio uone majina, unajua hivyo viwili ndivyo vimejaa pale. Mimi sina ubaya navyo. Lakini tuseme ukweli, hakuna kati yetu aliyekuwa amebeba kitabu anachokipenda. Tulikuwa tumebeba vitabu ambavyo tulitaka kuonekana navyo. Wasee watatu wasio na hata elfu mbili kwa akaunti, tunaambiana kuhusu mali na mamlaka. Mazungumzo yaliisha dakika kumi.

Halafu Duka, ambaye alikuwa amenyamaza wakati wote, akatoa kitu kwa mfuko wa karatasi. Riwaya ya mapenzi. Ile ya zamani kabisa ya Kizungu, daktari mrefu na nesi mwenye nywele za dhahabu kwa jalada, uti wake umeshikwa na selotepu. Ilikuwa ya mathe wake. Akasema, "Nyinyi chekeni. Mimi nimeisoma mara nne."

Tulicheka hadi mhubiri mmoja akatuangalia. Lakini Nesi aliichukua kwenda nayo hosteli, na usiku huohuo akaanza kututumia sauti akibishana na yule daktari, ati hakuna daktari anaongea na nesi hivyo wadini, ati huyo angeripotiwa. Wiki iliyofuata Fundi akaiomba. Halafu mimi. Ndicho kitabu cha kwanza sisi wanne tulisoma wote hadi mwisho, na mpaka leo tunabishana kama yule nesi alifaa kumsamehe.

Duka ndiye pekee aliyeleta kitu chake. Tangu hapo tukawa na masharti mawili tu. La kwanza, uwe umekimaliza. La pili, usikiweke tu katikati achukue yeyote. Unachagua mtu, unamwambia ni kwa nini ni yeye.

Hilo la pili ndilo gumu. Jaribu uone. Kumwambia rafiki yako "hiki nimekuona ndani yake" ni kumwonyesha umekuwa ukimwangalia. Wavulana hasa tunaona afadhali kukopeshana pesa.

Fundi, kwa mfano, alikuwa ameapa hatasoma tena kitabu cha Kiswahili maishani. Simlaumu. Nyinyi mliofanya KCSE kipindi chetu mnakumbuka: Kigogo, Chozi la Heri, Tumbo Lisiloshiba. Vitabu vizuri kabisa, lakini vilitujia vikiwa tayari vimekatwakatwa kama nyama ya kilo. "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne." Nani anaambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Nusu ya darasa letu walisoma mwongozo bila kugusa kitabu chenyewe, na wakapita. Unafunzwa miaka miwili kwamba hadithi ni kitu cha kuchimbwa mbinu za lugha, halafu ukitoka pale watu wazima wanashangaa ati vijana hawapendi kusoma.

Sasa 2024 wakati wa mafuriko, nyumba nyingi kando ya mito hapa Nairobi zilibomolewa, mnakumbuka. Shangazi yake Fundi alipoteza yake. Fundi alifunga kibanda siku mbili akamsaidia kuhamisha mabati na godoro lililolowa. Hakuongea juu ya hiyo kitu kabisa. Mimi nikakaa nikakumbuka hadithi ya kwanza ya kile kitabu tulichochukia, ile ya Said Ahmed Mohamed yenye jina la kitabu chenyewe: jitu linaingia kwa mkahawa wa Mzee Mago kule Madongoporomoka, linakula chakula chote, halafu linaahidi kurudi. Na mabuldoza yanafuata. Nilikuwa nimeandika insha ya alama 20 juu ya hiyo hadithi na sikuwahi kuisoma kama habari.

Nikampelekea nakala yangu ya shule, yenye uchafu wa kalamu za rangi. Nikamwambia, "Soma hii ya kwanza tu. Kurasa chache. Ni kwa sababu ya shangazi." Akaniangalia vibaya. Akaiweka chini ya mashine ya kupuliza hewa moto. Siku tatu kimya. Halafu saa tano usiku akanipigia, si ujumbe, simu, na wewe jua kijana wa miaka 22 akipiga simu usiku ni jambo. Akasema, "Buda. Huyu mzee alijuaje?" Tukaongea hadi salio lake likaisha, nikampigia mimi. Juu ya shangazi, juu ya lile godoro. Kitabu tulikitaja labda dakika tano.

Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia ule msemo kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni. Nimeusikia kwa mimbari, nimeusikia kwa wanasiasa, nimeusikia kwa wasee wa kuhamasisha watu kwa elfu tano kiingilio. Ni upuzi. Sisi tunasoma kutwa nzima. Tunasoma tetesi za wachezaji kuhama, tunasoma maandishi chini ya filamu za Korea, tunasoma ugomvi wa watu tusiowajua hadi saa nane usiku. Macho yapo. Kinachokosekana ni mtu anayekungoja ufike ukurasa fulani ndio mwongee.

Sasa wacha nifike kwa ile ilinipata mimi.

Nilipoacha chuo sikuambia mtu. Sehemu ilikuwa karo, na sehemu, tusidanganyane, ilikuwa mimi: nilikuwa nimeacha kuingia madarasa kitambo, na madeni yalipokuja yalinikuta nishatoka kwa akili. Kwa miezi minne nilitoka nyumbani asubuhi na begi. Nilikaa kwa maktaba, nilikaa kwa ngazi za majumba, nilihariri video kwa intaneti ya bure. Mathe alikuwa ananiuliza, "Masomo yanaendeleaje?" nasema "Poa tu." Hata kwa video nilikuwa naandika "maisha ya kampasi". Suti ya kuazima tena.

Jumamosi moja Nesi akanipa Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Kitabu cha 1968, kimetoka mwandishi ameshafariki. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na ukurasa wa kwanza una muhuri wa guka yake, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akaniambia, "Hii ni ya guka. Ukiipoteza usikanyage kwetu." Nikamwuliza, mbona mimi? Kulingana na masharti alipaswa kusema. Akasema, "Utaona."

Nitakuwa mkweli, nilichoka ukurasa wa tatu. Kile Kiswahili kimevaa kanzu na kofia, kila mtu anaongea kama yuko mbele ya mufti. Nikakiweka. Mwezi wa kwanza ukapita, nikadanganya nimefika katikati. Nesi hakubishana. Lakini unajua kitabu cha mtu kikiwa kwako kinakuangalia. PDF haikuangalii. Nina PDF 300 kwa simu na hakuna hata moja imewahi kuninyima usingizi, lakini kile kimuhuri cha guka kila nikifungua droo kilikuwa kinaniuliza habari.

Nikarudi nikakisoma. Na polepole ile kanzu ikaanza kuzoeleka, hata nikaanza kufurahia vile huyu mzee anajenga sentensi bila haraka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Hadithi ni ya mtu ana kazi yenye mshahara mzuri mjini, mwajiri anamtaka abaki, na yeye anaiacha, anaenda kulima. Watu hawamwelewi.

Pembeni kulikuwa na penseli. Nyingi zilikuwa za guka, zimefifia, mistari tu na alama za vema. Lakini pale kwa habari ya kuacha kazi kulikuwa na mwandiko mwingine, mpya, mweusi. Mwandiko wa Nesi naujua tangu dawati la nyuma. Ulisema: "Hapa usome polepole."

Nilikaa kitandani nikashika hicho kitabu sijui kwa muda gani. Alikuwa anajua. Nikampigia. Nikasema tu, "Ulijua lini?" Akasema, "Tangu Aprili. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, nikachoka kungoja."

Yeye ndiye mtu wa kwanza nilimwambia kwa mdomo wangu. Wiki tatu baadaye nikamwambia mathe. Hiyo ya mathe ni hadithi nyingine na haikuwa tamu, lakini sikuibeba peke yangu.

Na msinielewe vibaya, Utubora hakuniambia niache chuo, wala hakunisifu kwa kuacha. Jamaa aliacha kazi aende afanye kazi ngumu zaidi, na alijua anaenda wapi. Mimi nilikuwa nimeacha nikaenda kukaa kwa ngazi. Hiyo tofauti niliiona vizuri sana, na hakuna video ya matajiri walioacha chuo iliwahi kunionyesha.

Kuna watakaosema, sawa, lakini vitabu ni ghali. Ni kweli. Tangu ile sheria ya VAT ya 2013 kitabu kinatozwa ushuru wa asilimia 16, kama ni kiatu vile. Riwaya moja mpya kwa duka la maana ni chakula cha wiki. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kubadilishana, si ya kukaa. Sisi wanne tukinunua kimoja kila mtu kwa inama, mia mia na hamsini, tunasoma vinne. Na maktaba zipo: Makadara na Kaloleni zimekarabatiwa na watu wa Book Bunk, na McMillan pale mjini iko wazi kwa yeyote, yaani jengo ambalo likifunguliwa 1931 guka yake Nesi asingeruhusiwa kupita mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Ingieni hata kama ni kwa hasira.

Kuhusu PDF nitasema moja tu, na ninajisema pia. Mtu akichukua video yangu akaiweka kwake bila jina langu, mimi hupiga kelele siku nzima. Halafu jioni natumia grupu nzima riwaya ya mwandishi wa Kenya aliye hai, anayelipa nyumba kama mimi. Niliacha hiyo mwezi wa pili. Nikikosa pesa naazima.

Ubaya wa kubadilishana upo pia, nisiwadanganye. Vitabu hupotea. Watu hukaa navyo hadi wahame mtaa. Duka alimpa binamu yake kitabu kikarudi bila kurasa za mwisho, zilikuwa zimefungia mahamri. Na kuna ule uchungu wa kumpa mtu kitabu ulichokipenda hadi ukalia, anakurudishia anasema "ni sawa tu." Hiyo inauma kuliko kuachwa. Lakini pia ni habari. Umejua kitu juu yake, na yeye juu yako.

Yule msichana wa Form Four? Nilinunua kile kitabu nambari saba. Nikakisoma siku nane. Nikamwandikia ukweli wote: kwamba sikuwa nimekisoma, kwamba ile emoji ya moto ilikuwa ya kukwepa. Nikamwambia pia kwamba sikubaliani naye, mimi naona yule mwanamke hakurudi kwa sababu ya mapenzi, alirudi kwa sababu ya ile nyumba.

Akakaa siku mbili. Nikajua nimeblokiwa. Halafu akaandika, "Nilijua hujasoma. Lakini kuhusu nyumba umekosea, angalia tena ukurasa wa 112."

Nimeangalia. Sijui bado. Ile video nimeitoa, kama mmeitafuta mkaikosa. Nikaweka nyingine ya vitabu vitatu, vile nilivyomaliza, na imetazamwa na watu wachache kuliko walio kwa matatu ya Umoja saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi hii ni Jevanjee. Narudisha Utubora kwa guka, na nimeongeza alama moja ya penseli, ukurasa sisemi. Na wewe uliyekaa na nakala yangu ya Siku Njema tangu Krismasi, yenye jalada limekunjwa pembeni, uko Umoja, unajijua. Sikatazi uendelee kuisoma. Nataka tu kujua umefika wapi.